Pikapu ya Mwalimu

Fundi alifungua boneti, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa gari na chipu yangu mkononi, ingali ndani ya plastiki yake, nikiipapasa kama bwana harusi anayepapasa pete. Kisha akainua kichwa, akanitazama.

"Wewe wataka kutia ngapi?"

"Ngapi vipi? Moja tu. Hii hapa."

"Na hii nyingine ni ya nani?"

Niliinama nikafuata kidole chake. Nyuma ya betri, pale ambapo mkono haupiti bila kuchubuka, palikuwa na kisanduku cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kilifungwa kwa mikanda ya plastiki, na waya zake zilikuwa zimelazwa sambamba na waya za gari yenyewe, nadhifu, kana kwamba zilitoka nazo kiwandani. Vumbi lilikuwa limekilalia. Hakikuwa kitu cha jana wala juzi.

"Hicho si cha gari?" nikauliza.

"Cha gari kitu gani! Ni ndugu yake hiyo uliyoshika. Pikapu yako ishatiwa chipu zamani, bwana. Hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa naiendesha gari ile kwa zaidi ya mwaka, naiosha mwenyewe, namwaga maji kwenye redieta kwa mkono wangu, na sikujua.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti. Harusi, matanga, maulidi, ibada za shukrani, popote watu wanapokusanyika na jua likawa kali, huniita. Naishi Tudor, hapa Mombasa, na pikapu ndiyo miguu yangu. Ikiwa imebeba viti pekee haina neno, lakini ukiipakia mabomba ya chuma na maturubai, ukivuka daraja la Makupa na kuanza kuupanda mlima wa Changamwe, hujikokota kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Malori ya makontena hukupigia honi kwa nyuma, na hata tuktuk huthubutu kukupita. Binamu yangu anayefanya kazi bandarini ndiye aliyeniambia kuhusu chipu. Alisema gari za dizeli za siku hizi zina kompyuta inayopima mafuta, na hiki kidude huidanganya kompyuta hiyo iamini kwamba mafuta hayatoshi, nayo ikaongeza. Injini ni ile ile, nguvu ni nyingine. Nilikaa na maneno hayo miezi kadhaa, mwishowe nikaiagiza, nikaja nayo kwa fundi huyu, mtu wa Mji wa Kale mwenye gereji yake nyuma ya maduka ya Makupa.

Lakini kilichonigonga kifuani siku ile hakikuwa kile kisanduku chenyewe. Ni kwamba pikapu nilikuwa nimeuziwa na mwalimu wangu.

Nikiwa mtoto wa shule ya Buxton, yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Baba yangu alikuja pwani kwa kazi ya reli, nyumbani tulizungumza lugha ya bara, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokota uwanjani. Mwalimu huyu alikuwa mwanamke mwembamba wa Mji wa Kale, sauti ya chini, mtandio haumteremki hata akigeuka ubaoni. Hakuwa akipiga watoto. Adhabu yake ilikuwa ni kukuandikisha upya. Ukiharakisha herufi, alikuja nyuma yako, akaweka kidole kwenye ukurasa, akasema, "Hii umeikimbiza. Irudishe." Na unafuta, unaanza tena, wenzako wote wakiwa nje wanacheza. Mtu huyo ndiye aliyeniuzia gari baada ya mumewe kufariki na eda yake kwisha. Nilipoichukua aliniambia maneno machache tu: "Haina mambo mengi. Iendeshe taratibu."

"Angalia hapa," fundi akasema. Alikuwa amekifuta vumbi kile kisanduku kwa kitambaa. Kilikuwa na kirungu kidogo cha kuzungusha, na kando yake namba kutoka sifuri mpaka tisa. "Kiko sifuri. Kimetiwa, kisha mtu akakizima kwa mkono wake. Kwa hivyo wewe muda wote huu waendesha chui aliyelala."

Nilimwambia aache mzaha. Alisema hana mzaha, na akazungusha kirungu kwa ncha ya bisibisi hadi tano. Chipu yangu mpya hata haikutoka kwenye plastiki. Akafunga boneti, akajipangusa mikono, akaingia upande wa abiria.

"Haya. Twende tuone."

Nilikanyaga mafuta kama nilivyozoea, na gari ikaruka. Sina neno jingine. Kiti kilinisukuma mgongoni, shingo ikavutika, na kabla sijatia gea ya tatu tulikuwa tumekwishapita maduka yote. Tuliivuka Makupa kama tuliofukuzwa. Kwenye mlima, lori la makontena lilikuwa mbele yangu likinguruma; nilitoka nyuma yake, nikakanyaga, na lori likabaki kwenye kioo likizidi kuwa dogo. Nilisikia mtu anacheka kwa sauti. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni mimi.

"Pole pole, baba!" fundi alisema, mkono mmoja umeng'ang'ania kishikio cha juu ya mlango. "Pole pole, nina watoto!"

Tuliporudi alikuwa ametulia, akanipa nasaha. Alisema nguvu ile yote hupita kwenye klachi, na klachi ya kawaida haiwezi kuistahimili kwa mizigo yangu; itaungua nikiwa katikati ya njia. "Aliyetia hiki kidude ama alibadilisha klachi ama hakubadilisha. Kuifungua kuangalia ni kazi ya kutwa. Nenda kamuulize aliyekuuzia."

"Aliyeniuzia ni mwalimu wangu. Bibi mtu mzima."

"Basi ni marehemu mumewe," akasema fundi, na akaniona kama mjinga kwa kutolitambua jambo rahisi hivyo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Niliegesha nje ya mtaa kwa sababu vichochoro vya kwao havipitishi gari, nikatembea hadi kwenye mlango wake, nikapiga hodi. Alinipokea mwenyewe. Alikuwa amezeeka kidogo tangu nilipomwona mara ya mwisho, lakini mtandio ulikuwa pale pale.

"Sabalkheri, mwalimu."

"Sabalkheri, mwanangu. Hujambo? Na mama watoto? Mamako ashapona mguu?"

Tulisalimiana kama inavyopasa, mpaka jamaa wote wakaisha. Akanipandisha ngazi hadi sebuleni, akaniletea kahawa na vitumbua, akaketi mkabala nami, mikono imelala mapajani.

"Nimekuja kwa jambo la gari, mwalimu."

"Imekufa?"

"La, haijafa. Ila fundi ameifungua akakuta kitu. Sijui kama utakuwa unakijua. Ni kama kisanduku hivi..."

"Cheusi," akasema. "Nyuma ya betri."

Nilikuwa nimekiinua kikombe. Nikakirudisha sahanini.

"Fundi anataka kujua kama klachi ilibadilishwa," nikasema, kwa sababu sikujua niseme nini jingine. "Nikafikiri pengine marehemu alikuwa amekuambia."

"Marehemu hakuwahi kuendesha hata baiskeli, Mungu amrehemu. Kile nilitia mimi. Na klachi nilibadilisha. Mwambie fundi asiwe na hofu."

Alilisema kama mtu anayesema nilibadilisha pazia. Nilimtazama, nikatafuta usoni mwake yule mwanamke wa kidole juu ya ukurasa, nikamwona yule yule, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Yeye aliona mshangao wangu. Aliinuka akarudisha mlango, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine, akaketi tena.

Mumewe, ambaye zamani alikuwa karani forodhani, alirithi shamba la maembe na minazi upande wa Kilifi. Mwalimu alipostaafu walinunua pikapu ili wawe wakienda wenyewe badala ya kuwategemea madalali. Yeye ndiye aliyejifunza kuendesha. Mzee alisema macho yake hayawezi. Walikuwa wakitoka baada ya sala ya alfajiri, na wakirudi gari imejaa maembe. Njia ile ukishapita Mtwapa ilikuwa nyembamba, na mbele yako kila mara kuna lori. Kulipita lori na gari iliyolemewa, alisema, ni kama kutembea juu ya ukuta: unatoka, unakanyaga, gari haiendi, na mbele unaiona nyingine inakuja.

"Nilikuwa nikiogopa mpaka mikono inatoka jasho. Fundi mmoja akaniambia kuna dawa. Nikamwambia nitie."

Alimtilia, akamwekea tatu. Na ilikuwa dawa kweli. Alilipita lori la kwanza, alisema, akahisi kama amevuliwa gunia kichwani. Baada ya mwezi akamuuliza fundi jinsi ya kuzungusha kirungu mwenyewe. Akaweka nne. Kisha tano.

"Mzee alijua?" nikauliza.

"Hakuuliza. Alikuwa akishika tasbihi yake, akitazama mbele. Nikimwuliza, twaenda sana? Husema, wewe ndiye uliyeshika usukani."

Aliangalia kikombe changu, akaniambia ninywe, kahawa inapoa. Nilikunywa. Sikusikia ladha yake.

"Mwanangu, mimi nilifundisha miaka yote ile nikisema pole pole. Nilikuwa nasema kweli. Sikuwa mnafiki. Lakini hakuna aliyewahi kunipa kitu kinachokwenda mbio nikaona kilivyo. Nilipokiona, nilikipenda. Nilifika mahali nikawa nalala nikiingojea alfajiri. Si kwa sala. Kwa ile njia."

Nilitamani anyamaze. Ni aibu ya aina yake kumsikia mtu uliyemheshimu tangu utotoni akikufungulia kifua, na wewe huna pa kuweka macho. Niliyaweka kwenye zulia.

Siku yenyewe, alisema, walikuwa wakirudi na maembe. Alikuwa ameweka saba. Mbele palikuwa na lori la saruji na nyuma ya lori gari mbili ndogo, na yeye akaona ataweza kuzipita zote kwa pamoja. Akatoka. Alikuwa amezipita zile ndogo na yuko ubavuni mwa lori basi lilipochomoza kwenye kona. Halikuwa mbali. Alisema aliona uso wa dereva wa basi, aliona mdomo wake ulivyofunguka. Hakugusa breki. Alikanyaga mafuta hadi chini, na gari ikaitika, ikapita kati ya lori na basi kama uzi kwenye tundu la sindano. Upepo wa basi uliitikisa pikapu nzima, na embe kadhaa zikarukia barabarani.

"Na mimi nilicheka," akasema.

Nikainua macho.

"Nilicheka, mwanangu. Kama mtoto kwenye pembea za Idi. Sikuweza kujizuia. Nikamgeukia mzee nikitaka acheke nami."

Hapo sauti yake ilibadilika, si kwa kulia, ila ikawa ndogo, kavu.

"Alikuwa ameshika kishikio kwa mikono miwili. Tasbihi imeanguka miguuni. Macho yameelekea mbele, hayapepesi. Kisha nikaona kanzu yake. Nyeupe ile, niliyoipiga pasi mwenyewe. Alikuwa ameilowesha."

Nilimkumbuka mzee yule. Kila Ijumaa alipita na kanzu iliyonyooka kama karatasi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, fimbo ambayo hakuihitaji. Watu walisimama barazani kumwamkia. Damu ilinipanda usoni kana kwamba mimi ndiye niliyemwona.

Mwalimu alisimamisha gari penye minazi. Nyuma ya kiti palikuwa na kikoi. Mzee alishuka, akaenda nyuma ya miti, akabadilisha. Walirudi nyumbani mwendo wa pole, malori yakiwapita wao. Jioni ile ile yeye alitoka akaenda pale gari ilipoegeshwa, akafungua boneti, akarudisha kirungu hadi sifuri. Tangu hapo hakuendesha tena. Mpwa wake ndiye aliyekuwa akiwapeleka shambani. Miezi michache baadaye maradhi ya sukari yalimzidi mzee, akafariki. Yale mawili hayahusiani, alisema, madaktari walieleza vizuri. Alilisema hilo mara mbili.

"Mbona hukukitoa kabisa?" nikamuuliza.

"Kukitoa ni kwenda kwa fundi. Na fundi ataniuliza sababu."

Chini kichochoroni mtu alipita akisukuma mkokoteni wa maji, madumu yakigongana. Niliona wakati umefika wa kuaga, na nilikuwa nangoja, nakiri, aniambie nikaking'oe kile kitu nikakitupe baharini. Ndilo neno nililodhani mwalimu atalisema. Badala yake akainama kidogo mbele.

"Umekiweka ngapi?"

"Tano, mwalimu."

"Yavuta?"

"Yavuta."

"Saba ndipo penyewe," akasema, haraka, na macho yake yakang'aa kwa namna ambayo sijawahi kuyaona darasani. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akashika upindo wa mtandio akajiziba mdomo, na tukabaki tunatazamana, mimi na yeye, wote wawili tumeshtuka.

Nilishuka ngazi zile. Nilipofika kwenye pikapu niliketi kwenye usukani bila kuiwasha. Kiti cha abiria kilikuwa kile kile. Sikuwahi kukibadilisha kitambaa. Nilikitazama. Nilikuwa nimempakia mke wangu hapo, na watoto wangu, na mama yangu nikimpeleka hospitali. Hatimaye niliwasha, nikaendesha hadi Makupa, nikamwambia fundi atoe kisanduku.

"Klachi haikubadilishwa?"

"Ilibadilishwa."

"Basi neno gani? Watu huja hapa watiliwe, wewe waja utolewe?"

"Toa tu, ndugu yangu."

Alichukua koleo, akakata mikanda ya plastiki. Nilimwachia kisanduku hicho pamoja na chipu yangu mpya, ingali kwenye plastiki yake. Nilimwambia afanye atakavyo. Alifikiri nina homa.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Sikuwa nimepanga kumwambia, lakini aliniona sili, akauliza, na mimi si hodari wa kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho akikuna nazi, mbuzi imetulia chini yake. Nilidhani atashangazwa na mwalimu. Yeye aliuliza jambo jingine.

"Na yule mzee? Aliporudi kutoka kule kubadilisha, alimwambia nini mkewe?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Umekaa pale asubuhi nzima, umekunywa kahawa ya watu, hukuuliza?"

Swali hilo halikuniacha. Nilimpa mzee maneno mengi kichwani mwangu, mengine makali, mengine ya kukata. Nilimfanya ateremke akatafute gari nyingine ya kumrudisha Mombasa. Nilimfanya asiseme na mkewe hadi kufa kwake. Nikipita na mahema yangu barabarani nilikuwa nazungumza kwa ajili yake, na kila mara nilimpa haki.

Miezi ikapita, mwalimu akaniita. Mjukuu wake anaolewa, wanataka viti na turubai la kufunika ukumbi wa nyuma. Nilikwenda kupima. Tulizungumza juu ya upana, juu ya mahali pa kuwekea masufuria, na yeye alikuwa kama alivyokuwa siku zote, sauti ya chini, kila kitu mahali pake. Kuhusu gari hakuuliza. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nikiwa nakunja utepe wa kupimia nikasema, bila kumtazama:

"Mwalimu, siku ile. Mzee alipotoka kubadilisha. Alisema chochote?"

Nilidhani ataghadhibika. Aliuweka sawa mtandio wake, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Alirudi na kanzu ameikunja mkononi," akasema. "Akasimama mlangoni mwa gari, asiingie. Nikajua ndiyo leo, ataniambia lile neno la lawama, na nitalipokea. Akaniambia, 'Niwie radhi, nimekuchafulia gari yako.'"

Utepe uliponyoka mkononi mwangu ukajikunja wenyewe kwa kishindo.

"Gari yako, alisema," mwalimu akaendelea. "Hakusema gari yetu. Mpaka siku ile sikujua kuwa aliihesabu yangu."

Kisha akaniuliza kama viti vya wanawake vitaweza kupangwa upande wenye kivuli, maana nikaha itakuwa baada ya alasiri na jua la upande ule huwa kali. Nikasema vitaweza. Akauliza kama nina vile vyeupe. Nikasema ninavyo. Nilikuwa najibu, nasikia sauti yangu ikijibu, na mkononi kalamu imesimama juu ya karatasi, siwezi kuandika hata herufi moja.